Chumvi Iliyokuja na Gari

"Baba, miguu yangu imelowa."

Binti yangu alisema hivyo akiwa kiti cha nyuma, asubuhi moja ya Machi, baada ya mvua iliyonyesha usiku kucha, tulipokuwa tukienda taratibu kutoka Mwanga, hapa Kigoma, kuelekea Ujiji, nami nikikwepa dimbwi moja na kuangukia jingine. Nilidhani chupa yake ya maji imemwagika. Nikamwambia ainue miguu, tungetazama tukifika. Kwenye geti la shule nilifungua mlango wa nyuma, nikamvua kiatu, na soksi yake nyeupe ilikuwa imegeuka rangi ya strungi hadi juu ya kifundo cha mguu.

Niliondoa zulia la plastiki, kisha nikainua kapeti ya gari iliyokuwa chini yake, ambayo sikuwahi kuigusa tangu nilipolinunua gari hilo. Maji yalikuwa yametuama. Nilibonyeza bati la sakafu kwa kidole gumba, bila kutumia nguvu, na kidole kikazama kama kinavyozama kwenye mkate uliolowekwa. Kupitia tundu lile niliziona kokoto za barabara.

Mtoto wa miaka saba alikuwa amekaa juu ya tundu hilo kila siku ya shule, miguu yake ikining'inia.

Tangu siku ile jambo hili limekataa kuniacha. Nimeliandika na kulifuta mara tatu, kwa sababu kila nilipolieleza kama habari ya gari bovu nililouziwa, nilijikuta ninairuka sehemu yangu mwenyewe, na sehemu hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Swali la fundi

Fundi ninayemtegemea ni mzee mtaratibu ambaye ametumia maisha yake kuchomelea bodi za magari ya mizigo. Aliliweka gari juu ya shimo la gereji, akashuka na tochi na bisibisi, akaanza kugonga bati kutoka mbele kwenda nyuma. Nilisimama juu nikisikiliza. Mahali penye bati zima palitoa sauti kali na fupi. Mahali palipooza palitoa sauti ya kitu kilichojaa udongo. Sauti ya udongo ilikuwa nyingi kuliko ile nyingine.

Alipopanda juu hakuniambia kitu kuhusu gharama. Aliuliza tu: "Mwanangu, gari hili ulikuwa unabebea chumvi ya Uvinza?"

Kwa mtu wa Kigoma swali hilo ni la busara kabisa. Uvinza, mahali ambapo Mto Ruchugi unaingia Malagarasi, maji ya chumvi hutoka ardhini yenyewe, na watu wameyachemsha na kupata chumvi hapo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Richard Burton alipopita mwaka 1858 akielekea ziwani, alikuta chumvi hiyo tayari ni bidhaa inayosafiri mbali. Pikapu zinazobeba magunia yake, na zile zinazobeba samaki wa chumvi kutoka Kibirizi, fundi huyu amezichomelea nyingi mno, na anajua zinavyooza: zinaanzia kwenye karai ya mizigo, pembeni, mahali ambapo maji ya gunia hutuama.

"Lakini la kwako limeanzia chini," alisema. "Kwenye matairi yote manne, likapanda. Kama gari lililokuwa likitembezwa ndani ya chumvi."

Nilimwambia kwamba Uvinza nimepita mara moja tu, nikielekea Tabora, na sikubeba hata kilo moja. Akainama, akakwangua kwa bisibisi kwenye mkunjo wa bati nyuma ya gurudumu, akatoa unga mgumu wa kijivu uliochanganyika na kutu. Akagusisha ulimi wake, akatema pembeni.

"Chumvi," alisema.

Brashi

Nililinunua gari hilo Dar es Salaam, kwa mtu aliyeniambia kwamba limeshuka bandarini muda si mrefu na kwamba halijawahi kuguswa na fundi yeyote hapa nchini. Hilo la mwisho naamini lilikuwa kweli. Chini ya tairi la akiba nilikuta brashi ndefu, upande mmoja ina manyoya magumu na upande wa pili ina kijembe cha plastiki kama cha kupigia plasta. Sikujua ni ya nini. Kwa miezi niliitumia kufagia vumbi la barabara ya Kasulu kwenye kioo cha mbele, na kile kijembe kilinisaidia kubandua lebo za zamani kwenye makopo ya rangi dukani.

Usiku wa siku ile ya fundi niliipiga picha nikamtumia rafiki yangu.

Rafiki huyu nilimfahamu nilipokuwa nikipeleka misumari na mabati Kasulu, na yeye akiishi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kwao ni ng'ambo ya ziwa, upande wa Fizi, Kongo. Siku hizi anaishi Buffalo, jimbo la New York, alikopelekwa na familia yake baada ya miaka mingi ya kusubiri. Alinijibu kwa sauti, na nyuma yake nilisikia injini ikiunguruma.

"Ndugu yangu, hiyo ni silaha yetu ya asubuhi. Manyoya ni ya kufagia theluji juu ya gari, na kijembe ni cha kukwangua barafu kwenye kioo. Gari lako limetoka kwenye baridi. Limwagie maji chini kabla hujafanya kitu kingine chochote."

Niliisikiliza sentensi hiyo ya mwisho mara nyingi. Ilikuwa imechelewa miezi minane.

Ziwa linaloleta theluji

Nilikuwa nimezoea kuifikiria theluji kama kitu cha mlimani, kile cheupe tunachokiona kwenye picha za Kibo. Rafiki yangu anaishi kando ya ziwa, kama mimi, na theluji yake inatoka ziwani. Mwanzoni mwa majira ya baridi, maji ya Ziwa Erie yanapokuwa bado na uvuguvugu wa kiangazi, upepo wa baridi kali hupita juu yake, hunyanyua mvuke, na ukifika nchi kavu huuangusha wote kama theluji. Mwezi Novemba 2022, Orchard Park, mji ulio jirani na Buffalo, ulifunikwa na theluji ya takriban mita 2 ndani ya siku chache. Gari likizikwa hivyo, mtu hulitafuta kwa koleo.

Ili barabara zipitike, malori hutawanya chumvi. Maji safi huganda kwenye nyuzi 0 za Selsiasi. Yakichanganyika na chumvi huchelewa kuganda, na yakishiba takriban asilimia 23 hubaki maji hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Barabarani mambo hayaendi vizuri hivyo, kwa kuwa chumvi ya kawaida huanza kushindwa baridi ikizidi nyuzi 9 au 10 chini ya sifuri. Hapo ndipo huongezwa chumvi nyingine, za kalisi na za magnesi, ambazo zina nguvu zaidi kwenye baridi kali na zina tabia ya kuvuta unyevu kutoka hewani. Na kuna jambo ambalo rafiki yangu alilisimulia kwa mshangao wa mtu aliyekulia kando ya Tanganyika: huko Cleveland, kwenye ukingo wa Ziwa Erie hilohilo, kuna mgodi wa chumvi unaopita chini ya sakafu ya ziwa, zaidi ya mita 500 kwenda chini, na chumvi yake ndiyo humwagwa barabarani. Theluji inatoka juu ya ziwa na dawa yake inatoka chini ya ziwa.

Gari langu halikutoka Marekani. Usukani uko kulia na maandishi ya ndani ni ya Kijapani. Lakini Japani nayo ina upande wake wa Buffalo. Upepo wa Siberia huvuka Bahari ya Japani, hubeba mvuke wake, na kuumwaga kama theluji juu ya Hokkaido, Aomori, Akita, Niigata na mikoa mingine ya pwani ile. Zamani madereva wa huko walitumia matairi yenye misumari midogo ya chuma. Misumari ilishika barafu vizuri, lakini barafu ikikosekana ilisaga lami hadi miji kama Sapporo na Sendai ikajaa vumbi lililowaumiza watu. Mwaka 1990 ilipitishwa sheria ya kuyakomesha matairi hayo. Vumbi likapungua, lakini matairi yasiyo na misumari yakaing'arisha barafu ikawa kama kioo, na mahitaji ya chumvi barabarani yakaongezeka.

Magari yaliyopita kwenye barabara hizo kwa miaka kumi, au kumi na mitano, ndiyo baadhi ya haya tunayoyapokea bandarini.

Nilimuuliza rafiki yangu yeye hufanya nini. Nilitarajia anitajie dawa fulani ya kopo. Alinieleza mazoea tu. Mwezi wa kumi, kabla theluji haijaanguka, hupeleka gari likapuliziwe chini mafuta yanayotengenezwa kwa mafuta ya sufi ya kondoo, ambayo hayakauki na hupenya kwenye mikunjo. Majira ya baridi yakiingia, kila siku ambayo joto limepanda juu ya sifuri huenda mahali pa kuoshea magari, na halipii maji ya juu peke yake, bali hulipia na yale yanayopigwa kutoka chini. Zulia lake la ndani ni la mpira lenye kingo ndefu kama sinia. Watoto wake wamefundishwa kugonganisha buti nje ya mlango kabla ya kuingia. Na jirani yake aliye na gereji yenye joto ameshajifunza kutoliingiza gari lenye chumvi humo ndani usiku kucha, kwa kuwa kwenye baridi kali kutu hutembea polepole, na joto huiharakisha.

"Buti?" niliuliza.

"Theluji inayoshika kwenye buti ina chumvi, ndugu yangu. Inayeyuka kwenye kapeti, inakaa pale. Sakafu inaliwa na ndani pia, si chini tu."

Nilikaa na neno hilo kwa muda. Tundu la gari langu liko mahali miguu ya abiria wa nyuma inapokaa, upande wa kushoto, na sponji iliyo chini ya kapeti pale ilikuwa ngumu kama kitambaa kilichokaukia uji. Siwezi kumjua mtu aliyekaa pale kabla ya binti yangu. Huenda alikuwa mtoto aliyepelekwa shule asubuhi yenye theluji, na mzazi wake alikuwa na haraka kama mimi.

Inavyofanya kazi

Ninauza vifaa vya ujenzi. Kutu ni jambo ninaloliongelea kila siku na wateja, na bado sikuwa nimeelewa chumvi inafanya nini hasa. Nilidhani inakula chuma, kama tindikali.

Chuma huliwa na hewa na maji. Kwenye bati lenye unyevu, sehemu moja hutoa chembe za umeme na sehemu nyingine huzipokea, na pale zinapotoka ndipo chuma kinapogeuka kutu. Maji safi hupitisha umeme huo kwa shida. Maji yenye chumvi huupitisha kwa urahisi mkubwa. Pamoja na hilo, kloridi iliyomo kwenye chumvi huvunja ule utando mwembamba ambao chuma hujijengea chenyewe kwa kujikinga. Na chumvi haimaliziki katika kazi hiyo. Ikishafanya shughuli yake hubaki palepale ikisubiri unyevu mwingine.

Hilo ndilo lililonishtua. Nilikuwa nikiamini kwamba gari likishaondoka kwenye theluji, habari ya theluji imekwisha, kama mgonjwa aliyehama kutoka kwenye mbu. Lakini chumvi iliyokauka ndani ya mikunjo ya bati huvuka bahari salama. Inafika Kigoma wakati wa kiangazi na kukaa kimya. Kisha mwezi wa kumi na moja mvua zinaanza, hewa ya ziwa inakuwa nzito, na ile chumvi ya kuvuta unyevu inalowana hata siku isiyo na mvua. Joto letu nalo linaongeza kasi.

Lami niliyoipaka

Nilinunua gari mwezi wa sita. Mwezi wa saba, nikiwa nimeliinua kwa jeki kubadilisha tairi, niliona rangi ya kahawia chini. Haikuwa nyingi: vipele kwenye maungio, madoa kwenye mikono ya magurudumu, na ukurutu kwenye ukingo wa chini ya milango. Niligusa, ukaanguka kama magamba ya mgebuka.

Dukani kwangu, mteja akija kununua rangi ya geti lenye kutu, ninamwambia maneno yaleyale kila mara. Chukua kwanza brashi ya waya na msasa. Kwangua mpaka uone chuma. Osha, acha kikauke, paka redoksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ndipo upake rangi. Wapo wanaokasirika wakidhani nataka kuwauzia vitu vingi. Ninawavumilia, kwa sababu ninajua geti lililopakwa juu ya kutu linavyokuwa baada ya masika mawili.

Nilichukua kopo la lami nyeusi kutoka kwenye rafu yangu mwenyewe, nikalala chini ya gari Jumapili moja mchana, nikapaka. Sikukwangua. Sikuosha. Nilipaka mara mbili, nene, kila mahali brashi ilipofika, na katika kufanya hivyo niliziba vile vitundu vidogo vya chini ya milango na kwenye mkunjo wa sakafu ambavyo mtengenezaji aliviacha ili maji yatoke. Nilipomaliza nilimwita mke wangu aje kuona. Chini palikuwa peusi, pamoja, panang'aa.

Fundi aliibandua lami ile mbele yangu. Haikuhitaji kukwanguliwa, aliivuta kwa vidole ikatoka vipande vipana kama ngozi, na nyuma ya kila kipande kulikuwa na tabaka la kutu lililolowa. Alinionyesha. Lami ilikuwa imeishika kutu, na kutu ilikuwa imeachana na gari. Maji yaliyoingia kwa juu, kupitia milango na maungio, yalikosa pa kutokea, yakakaa na chumvi ndani ya giza lile kuanzia mvua za kwanza hadi Machi.

Nilimuuliza, kwa namna ya mtu anayetafuta kusamehewa, kama gari halingeoza vilevile bila lami. Hakunipa nilichokitaka. Alisema ukingo wa chini ya milango ulikuwa umekwisha kabla halijanifikia. Sakafu, alisema, ingekuwapo.

Mwalimu kutoka Kasulu

Sehemu hii ndiyo niliyoiruka katika maandishi yangu ya awali.

Kijana mmoja pale gereji alinivuta pembeni. Alisema kukata na kuchomelea vizuri ni kazi ya wiki na fedha nyingi, lakini yeye angeweza kupigilia kipande cha bati kwa ribiti, akapaka lami mpya juu na chini, akarudisha kapeti, na gari likauzwa. Wala sitaki kumtwika yeye lawama. Alinipa wazo, na mimi nikatoa bati dukani kwangu, geji nyembamba, nikampelekea.

Siku mbili zilitosha.

Mwalimu mmoja wa Kasulu alikuwa amesikia ninauza. Alikuja Jumamosi kwa basi la asubuhi, amevaa shati lililopigwa pasi, mkoba kifuani. Alinieleza kwamba amekopa kwenye chama chao cha akiba na mikopo na kwamba mkewe anakaribia kujifungua, na kutoka anakoishi hadi hospitali ni mbali kwa bodaboda. Alisikiliza injini. Alifungua milango na kuifunga. Akapiga magoti, akachungulia chini, akainuka huku akipangusa mikono.

"Chini ni pasafi, kaka," alisema kwa furaha.

Maneno hayohayo nilikuwa nimeyasema mimi kule Dar es Salaam. Nilikuwa nimechungulia vilevile, nikapangusa mikono vilevile, na muuzaji akanyamaza. Sijui kama alijua. Nimemlaumu kwa wiki kadhaa, na sasa nilikuwa nimesimama mahali pake, ninajua, na nilikuwa nimenyamaza kwa muda ambao naukumbuka hadi leo, kwa sababu katika muda huo nilikuwa ninahesabu.

Nikamwambia, "Mwalimu, naomba utazame tena."

Nilitandika mkeka, tukalala chini wote wawili. Nilimwonyesha ribiti chini ya lami. Nilimpa bisibisi agonge, akasikia ile sauti ya udongo. Nilimweleza kuhusu theluji, chumvi, na kopo nililolipaka mwenyewe, na kuhusu soksi ya binti yangu. Alisikiliza bila kunikatiza. Mwisho aliuliza kama mkanda wa kiti cha nyuma umeshikiliwa na bati hilohilo. Sikuwa nimewahi kufikiria hilo. Tuliangalia pamoja: ulikuwa umefungwa kwenye bati zima, sentimita chache kutoka mahali palipooza.

Alikunjua suruali, akachukua mkoba wake, akanishukuru kwa sauti ya chini na kwenda stendi. Hakukasirika mbele yangu. Ningependa angekasirika.

Kuosha

Tulisubiri mvua ziishe. Fundi alikataa kuanza kabla, akisema kuchomelea juu ya unyevu ni kuifungia kutu mlango kwa ndani.

Nilikuwa na wazo la kulipeleka gari ufukweni, kwa kuwa maji ya Tanganyika ni maji baridi na yapo bila kikomo. Wengi huosha hivyo. Lakini sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye maji, na zaidi ya sheria, ziwa hilo ndilo linalotunywesha, nami nilikuwa na kutu, lami na mafuta ya miaka mingi ya kuondoa. Tulilipeleka mahali pa kuoshea magari huko juu, penye pampu na shimo la kukusanya maji machafu.

Tuliliosha mara tatu, kwa siku tofauti. Kwanza tulizibua vitundu vyote kwa waya. Kisha mpira wa maji uliingizwa ndani ya ukingo wa milango, ndani ya mihimili, kwenye kila mkunjo nyuma ya magurudumu, na maji yakaachwa yatiririke hadi yatoke meupe. Presha kubwa peke yake haitoshi. Inapiga usoni mwa bati na kuyaacha maungio, na wakati mwingine inaisukuma chumvi ndani zaidi. Maji mengi yanayotiririka kwa muda mrefu ndiyo yanayoiyeyusha. Kapeti na sponji zilitolewa, sponji ikatupwa, kapeti ikalowekwa mara mbili. Kila siku mwisho wa kazi, mzee yule aliweka kidole chini ya kitundu kinachodondosha maji, akakionja. Siku ya kwanza alitikisa kichwa. Siku ya pili pia. Siku ya tatu alikaa na kidole mdomoni kwa muda, akasema, "Haya ni maji."

Gari lilikaa juani wiki nzima likiwa wazi, upepo wa Juni ukipita kwenye sakafu yake. Kisha akakata. Aliondoa zaidi ya nilivyotarajia, mpaka alipokutana na chuma kinacholia, akachomelea bati nene, akapaka redoksaidi, akaziba maungio kwa juu. Vitundu vya maji aliviacha wazi na kunionyesha kimoja kimoja ili nivijue. Wapo waliotushauri tumalizie kwa kupulizia oili chafu, kama inavyofanywa na wengi. Nilikataa: inadondoka njia nzima, inalegeza mipira ya bushi, na mvua huishusha ziwani. Tulitumia oili mpya ya giaboksi, kidogo kidogo, ndani ya mihimili na ukingo wa milango, tukiwa waangalifu isifike kwenye breki wala kwenye ekzosti. Mabomba ya breki yaliyokuwa na vipele yalibadilishwa. Hapo sikuomba punguzo.

Gharama yote ilizidi theluthi ya bei niliyolinunulia gari. Binti yangu amerudi kwenye kiti chake, lakini kila asubuhi kabla hajapanda huinua zulia na kutazama. Sijamwambia aache.

Herufi

Wiki iliyopita simu yangu iliita, namba nisiyoijua. Alikuwa mwalimu.

Mkewe alijifungua salama, mtoto wa kiume. Walikodi gari la jirani usiku ule. Sasa amepata gari jingine, bado liko Japani, na wakala amemtumia karatasi ya mnada. Alitaka kujua kama ninaweza kumsaidia kuitazama, kwa kuwa nilimwambia mambo ya chumvi.

Aliituma. Karatasi hizo zina mchoro wa gari lililotandazwa kama ngozi ya mbuzi, na juu yake mkaguzi huandika herufi na tarakimu. A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni alama ya mahali palipowahi kunyooshwa na kupakwa rangi. Hizo hazikunitisha. Niliikuza picha kwa vidole, nikapita upande wa kushoto, upande wa kulia, mkia. Karibu na gurudumu la nyuma kulikuwa na S2, na S ni kutu, *sabi* kwa lugha yao. Sikuona C, ambayo ni kuoza. Chini, kwenye maelezo ya mkaguzi, kulikuwa na mstari wa maandishi ya Kijapani, na ndani yake neno moja ambalo nimejifunza kulitambua kwa umbo lake mwaka huu: *shitamawari*, yaani sehemu ya chini ya gari.

Nilimpigia. Nilimwambia asilipe bado, amwombe wakala picha za chini zilizopigwa gari likiwa limeinuliwa, ukingo wa milango, nyuma ya magurudumu yote manne, na sakafu ya ndani kapeti ikiwa imeinuliwa.

"Na kapeti pia?" aliuliza.

"Hasa kapeti, mwalimu. Mahali watoto wanapoweka miguu."